Kipande Kilichoyeyuka Haraka

Mpwa wangu aliingia na vipande vinne vya kioo vilivyofungwa kwa tishu, akaviweka mezani kati ya bakuli la kachumbari na simu ya mama wa viatu, na kabla hajakaa akasema ni kioo cha taka za nyuklia.

Mzee wa mapazia alinyanyua sahani yake ya pilau akahamia nayo dirishani. Alikula amesimama, katupa mgongo, kama mtu anayetazama mvua, na nje jua lilikuwa linawaka.

Nieleze kwanza tuko wapi. Nimekaa Guangzhou miaka mingi kuliko niliyopanga. Kazi yangu ni kukusanya mizigo: huyu kanunua viatu, yule mapazia, mwingine chaja za simu, mimi napokea marobota, napima, napakia kwenye kontena moja la kwenda Dar es Salaam. Nyumbani kwangu kuna vyumba viwili vya kulaza wateja na stoo moja. Siku ile wageni walikuwa wawili: mama mmoja wa Kariakoo anayenunua viatu, na mzee wa Unguja anayenunua mapazia. Jumapili huwa nawapikia. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa anasoma shahada ya pili katika chuo kimoja hapa hapa mjini kwa ufadhili, na Jumapili huja kula kwangu. Chakula cha chuoni, anasema, hakina kosa lolote ila ni kilekile.

Mimi niliishia darasa la saba. Haya nitakayosema kuhusu tanuri na kioo nimeyasikia kwake. Kukiwa na kosa ni langu, au la masikio yangu, ambayo nayo ni yangu.

"Mwanangu," mzee akaita kutoka dirishani, "vitu hivyo vyang'aa gizani?"

"Havina mionzi, babu. Si taka zenyewe. Ni za kuigiza. Tunachanganya kemikali zenye tabia kama zile, ila zile zenye mionzi hatuziweki."

Mama wa viatu akaacha kutafuna. "Yaani ni kopi."

"Tuseme kopi, shangazi."

"Hata taka za nyuklia, China wana kopi."

Tulicheka wote, hata mzee mabega yalitikisika. Lakini nisiwaonee Wachina, ambao tunawasema sana na ndio wanaotulisha. Binti alieleza kwamba ndivyo inavyofanyika kila mahali, hata katika nchi zenye taka zenyewe, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili atakayempa mwanafunzi taka halisi aende nazo maabara kwenye mkoba.

Akaendelea kueleza, na hapo ndipo nilipoanza kumwelewa, au kudhani namwelewa. Taka hizo zikiwa za majimaji huwekwa kwenye matangi, na matangi yanazeeka. Njia mojawapo ya kuzituliza ni kuzichanganya na mchanga na viongezi, kuziyeyusha pamoja kwa moto mkali, kisha kuzimimina kwenye mapipa ya chuma zigande kuwa kioo. Kilichonaswa ndani ya kioo hakitoki kirahisi. Tatizo ni mwendo. Tanuri likiyeyusha polepole, kazi ya miaka michache inakuwa kazi ya watoto na wajukuu, na matangi hayawasubiri. Kwa hiyo kuna watu duniani ambao kazi yao ni kutafuta kiongezi gani, kiasi gani, kinafanya mchanganyiko uyeyuke upesi zaidi. Boroni, soda, lithiamu, na namna ya mchanga wenyewe.

"Sasa mchanganyiko ukimwagwa ndani ya tanuri," akasema, "hauzami. Unaelea juu ya kioo kilichokwisha kuyeyuka, unafanya ukoko."

"Ukoko uko chini ya sufuria," mama wa viatu akasema.

"Huu uko juu, shangazi. Moto unatoka chini. Na chini ya ukoko panajaa povu. Povu likiwa nene ni kama blanketi, joto haliufikii ukoko vizuri, na kuyeyuka kunakwenda kwa kusuasua."

"Povu linatoka wapi?" nikauliza.

"Ni gesi, Mjomba. Mchanganyiko ukipata moto unatoa gesi. Ikikuta matundu, inatoka. Ikikuta kimiminika kimeshaziba kila tundu, inanaswa."

Nikamwambia labda wangetia sukari kidogo. Sijui kwa nini nilisema sukari. Nadhani nilikuwa nakitazama kikopo cha sukari.

Alinigeukia kwa furaha ya kweli. "Wanatia, Mjomba! Kwenye taka zenye nitrati sukari inapunguza povu. Wanatia tangu kabla sijazaliwa."

Kwa hiyo nilikuwa sahihi, ila nilikuwa nimechelewa kwa umri wake wote. Mama wa viatu aliniambia nisife moyo.

Ndipo binti akafungua tishu, na uso wake ukabadilika. Vipande vitatu vilikuwa na vitundu vitundu kama mkate ulioumuka, na katikati kuna unga wa kijivu usioyeyuka. Cha nne kilikuwa cheusi chenye ukijani, safi, ukikiinua kwenye mwanga unaona kidole chako upande wa pili.

Alituambia hivi. Kiongezi chake ni unga mweupe wenye lithiamu. Alipoomba kufanya utafiti aliandika kwamba unga huo utaongeza kasi, na profesa wake alikubali kwa kuwa hoja ilikuwa na mantiki: lithiamu hufanya kuyeyuka kuanze mapema. Kumbe kuanza mapema ndiko kulikoleta balaa. Kioo kinaanza kuyeyuka gesi ingali ndani, matundu yanaziba, povu linajaa, na kazi yote inapungua mwendo. Vipande vitatu vinasema hivyo. Cha nne, chenye unga uleule na kipimo kilekile, kiliyeyuka haraka kama alivyoahidi, na hajui kwa nini.

"Na Jumatano nasimama mbele ya maprofesa kutetea tasnifu. Ufadhili unaisha mwezi ujao. Wakinirudisha, bwenini natoka na posho inakatika."

"Sasa shida iko wapi?" mama wa viatu akauliza. "Si unacho kizuri?"

"Ni kimoja, shangazi."

"Sampuli huwa ni moja."

Hapa lazima niseme jambo, na sitaki lionekane la kumsengenya. Asubuhi ya siku ile ile mama wa viatu alikuwa barabara ya Guangyuan Xilu, kwenye jengo kubwa la maduka ya jumla, anagombana na laoban wake, mwenye duka. Sampuli aliyoonyeshwa ilikuwa na soli ya kushonwa. Marobota yalipofunguliwa stoo kwangu, soli zote zilikuwa za gundi. Alirudi sauti imemkauka, na wakati namenya vitunguu alinisimulia kwa kirefu ni watu wa namna gani wanaokuwekea kizuri mbele na kukupakilia kibaya nyuma. Sasa alikuwa anamwelekeza binti aweke kizuri mbele. Nilidhani atayasikia maneno yake mwenyewe. Hakuyasikia. Kwa haki yake, alimpenda yule mtoto, na alichokuwa anampa ni kile anachojua kinafanya kazi, kwa kuwa kilikuwa kimefanya kazi juu yake mwenyewe.

"Mie n'naona aonyeshe hicho," mzee akasema bila kugeuka. "Akiulizwa kama viko vyengine, aseme viko."

"Nisipoulizwa, babu?"

"Usipoulizwa, nani kasema viko?"

Huyu ni mzee ambaye hufungua jora la kitambaa hadi ndani kabisa kabla hajatoa pesa, na wachukuzi wa Guangyuan Xilu wakimwona anakuja hutafuta kazi kwingine.

"Mjomba, wewe unasemaje?"

Wote wakanitazama, na mzee pia akageuka. Ningeweza kusema sijasoma, na lingekuwa kweli. Badala yake nikatafakari nani ana haki, nikaona kila mmoja anayo kidogo, nikasema, "Onyesha vyote. Ila anza na kile kizuri."

"Huyo ndiye mjomba," mama wa viatu akasema. "Hagombani na mtu."

Baada ya kula mama wa viatu alimfundisha binti. Alichukua kipande cha pazia jeusi kwa mzee, akakitandaza mezani, akaweka kile kioo kizuri juu yake na kuwasha tochi ya simu kwa pembeni. "Usianze kuongea," alimwambia. "Ukianza kuongea mteja anajua una wasiwasi. Mwache aguse kwanza. Akishagusa ni chake." Binti alicheka, akajaribu, akajaribu tena, na mara ya tatu hakucheka. Nakiri kilipendeza. Mzee mwenyewe aliacha dirisha, akaja akakigusa kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa kwa kukubali. Halafu akaenda kunawa mikono kwa sabuni.

Jumatano nilipanda metro na binti kwenda chuoni, kwa kuwa dada alikuwa amenipigia kuniambia mtoto asiende peke yake. Kule nisingeweza kumsaidia kitu. Kichina changu ni cha bei, uzito na "meiyou", yaani hakuna. Nilisimama koridoni, nje ya mlango wenye kioo, nikawa naona bila kusikia.

Alitandaza kitambaa cheusi. Akaweka kile kipande. Hakuongea. Profesa mmoja mwenye koti la kijivu alikichukua, akakiinua kuelekea dirishani, akampa jirani yake, na yule naye akakiinua. Walikuwa wanatabasamu. Kisha binti akatia mkono kwenye mkoba, na mkono ukabaki humo.

Jioni ile niliandika kwenye daftari langu kwamba nilikuwa namwombea. Ni kweli, ila sikuandika nilichokuwa naomba. Niliomba mkono utoke mtupu. Mimi niliyesema onyesha vyote.

Akatoa vitatu vilivyobaki, akavipanga kwenye kitambaa. Yule wa koti la kijivu alikiweka chini kile kizuri polepole, kama mtu anavyokirudisha kiatu baada ya kuambiwa bei. Maswali yakaanza. Binti alichora ubaoni, akafuta, akachora tena. Mara moja aliangalia mlangoni, nami nikampungia mkono, jambo ambalo sidhani lilikuwa na msaada.

Alipotoka alinipita kama hatua tano kabla hajasimama.

"Wamesemaje?"

"Nirudie majaribio. Nieleze kwa nini kile kimoja ni tofauti, ndipo nirudi kutetea."

"Wamekasirika?"

"Mmoja. Ameniuliza kwa nini nilitanguliza kile. Amesema ningeviweka vyote pamoja tangu mwanzo, angeona nimeleta swali. Nilivyoviweka, ameona nimeleta ujanja."

Tulitembea hadi stesheni. Nilimnunulia maziwa ya soya, hakuyanywa, nikayashika mimi.

"Ni mimi niliyesema uanze nacho," nikamwambia.

"Najua, Mjomba."

"Ungeanza na vile vitatu, wangekupitisha?"

"Labda. Labda wangenirudisha vilevile."

Naye ana ugonjwa huu wa kutenda haki kwa kila upande. Nadhani uko kwenye ukoo, na sijaona umemfikisha mtu mbali.

Nilimuuliza pia kwa nini alivitoa vile vitatu, maana hakuna aliyemuuliza kama vipo. Ningependa kuandika kwamba alijibu ukweli ni ukweli. Alijibu: "Niliogopa watanitaka nikitengeneze tena mbele yao, nishindwe." Basi naandika hivyo.

Mwezi uliofuata alihamia stoo kwangu. Tulimtengenezea kitanda kati ya marobota ya viatu, na chumba chote kilinuka gundi. Asubuhi aliwatafsiria wanunuzi kule Liuhua, kwenye masoko ya kuzunguka stesheni ya treni, alikopata hela ya chakula na nauli. Mchana alikwenda kwenye tanuri. Mama wa viatu alimpikia chai yenye tangawizi na kila siku akamwambia, bila ubaya, "Ningekuwa mimi, saa hizi ningekuwa na cheti."

"Najua, shangazi."

"Sikulaumu. Nasema tu."

Kisha naye akaondoka. Vile viatu vya gundi vilikwenda Dar hivyo hivyo, kwa kuwa laoban alimpunguzia bei kidogo na kuvirudisha kungekula faida yote. Ile sampuli ya kushonwa aliifunga kwenye kanga akaibeba mwenyewe kwenye ndege, aitundike mbele ya duka lake. Nilimtazama akiifunga. "Kaka, biashara ndiyo hiyo," alisema, na kontena nililipakia mimi.

Majaribio yalikwenda vibaya kwa utaratibu. Kila alipotia unga wake, povu. Alipunguza unga, povu likapungua kidogo. Alibadilisha chungu cha kuyeyushia, akabadilisha moto, povu. Kile kipande kizuri kilikataa kujirudia, na nikaanza kukichukia, ingawa ni kioo tu na hakikumwomba mtu kitu.

Jioni moja, wakati mama wa viatu amerudi kwa safari nyingine na tuko mezani, binti aliingia na vifuko viwili vya mchanga. Alitumwagia kila mmoja kidogo, wa kifuko hiki kiganja cha kushoto, wa kile cha kulia.

"Sugueni. Upi laini?"

Wa kushoto ulikuwa kama unga wa sembe. Wa kulia ulikwaruza.

Akatueleza: siku ile ya kile kipande kizuri, mchanga laini ulikuwa umeisha maabara, akaazima kwa mwenzake kutoka gunia jingine, na akasahau kabisa kwamba ni gunia jingine, kwa kuwa mchanga ni mchanga. Mchanga wa punje kubwa huchelewa kuyeyuka. Kwa kuwa unachelewa, matundu yanabaki wazi, gesi inatoka, povu halijai, na joto linaufikia ukoko. Alikuwa amejaribu mchanga ule bila unga wake, na ukayeyuka haraka zaidi.

"Haraka zaidi bila unga wako?" mama wa viatu akauliza.

"Zaidi, shangazi."

"Kwa hiyo kile kizuri hakikuwa hata mali yako. Ulikuwa unauza mali ya jirani."

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Niseme pia, ili nisiupendelee mchanga, kwamba nao una lake: punje zikiwa kubwa mno, nyingine hubaki ndani ya kioo hazijaisha kuyeyuka, na hilo nalo halitakiwi. Alilisisitiza sana. Mama wa viatu alikuwa ameshaanza kusikiliza ujumbe kwenye simu.

Alirudi mbele ya maprofesa na vyungu kumi na kitu vyenye kioo ndani, vyote vimekatwa katikati, vimepangwa kwenye trei ya plastiki ya bluu ya kubebea mboga, vibaya na vizuri vimechanganyika. Sikwenda. Nilikuwa na kontena la kufunga, na pia niliona mara ya kwanza sikuleta bahati. Alinitumia ujumbe wa neno moja: nimepita.

Mama wa viatu alitaka aelezwe cheti ni cha nini hasa.

"Nimeonyesha kwamba kiongezi changu, kwenye mchanganyiko huu, kinapunguza kasi badala ya kuiongeza. Na kwa nini."

"Wamekupa shahada kwa kusema bidhaa yako haifai."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi mimi ningekuwa profesa zamani. Lakini mimi nikisema hivyo, nani ananilipa?"

Lilikuwa swali zuri, na bado nalifikiria.

Dada alipiga simu jioni hiyo. Nilimweleza kadiri nilivyoweza: ukoko, povu, mchanga wa kukwaruza. Alisikiliza kwa uvumilivu, kisha akasema, "Kwa hiyo kitu chake hakifanyi kazi."

"Hakifanyi. Ila sasa inajulikana kwamba hakifanyi."

"Na amefaulu."

"Amefaulu."

"Mungu mkubwa." Nilimsikia akimwambia mtu mwingine kule kwamba mtoto amefaulu, na yule mtu akapiga kigelegele. Akarudi kwenye simu. "Ameniambia mwenyewe kwamba wewe ndiye uliyemshauri aonyeshe vyote, vibaya na vizuri. Asante, kaka yangu. Ningemwachia nani mwingine huko?"

"Ndiyo, nilisema vyote," nikamwambia, "ila nilimwambia pia aanze na..."

Binti alikuwa amekaa juu ya robota mbele yangu. Alitikisa kichwa, akanyoosha mkono, akaichukua simu sikioni pangu.

"Mama, Mjomba amepakua, chakula kinapoa. Tutakupigia kesho."

Akakata. Mama wa viatu alitazama jiko, ambalo halikuwa limewashwa tangu asubuhi, akanitazama mimi. Niliinuka nikaenda kubandika maji ya ugali.